Kuuza Kazi kwa Karatasi ya Dau: Mwongozo wa Msanii Anayeonyesha Lamu

Katika maonyesho ya karatasi za dau, msanii hasimami kando ya mchoro wake akipatana bei. Mchoro unatundikwa, karatasi inawekwa pembeni, na anayeutaka anaandika nambari yake na kiasi alicho tayari kulipa. Anayekuja baadaye na kuutaka zaidi anaandika kiasi cha juu zaidi. Mwenye kazi anaweza kuwa Faza, Mpeketoni au Nairobi siku hizo zote. Karatasi ndiyo inayomsemea. Kwa sababu hiyo tunamsihi kila msanii ajaze fomu zake nyumbani kwa utulivu, si mezani siku ya kupokea kazi huku hamali akisubiri malipo yake mlangoni.

Mfumo huu haukuanzia pwani yetu. Ulikomaa kwenye makongamano ya mashabiki wa hadithi za kisayansi huko Marekani, ambako Bjo Trimble aliandaa maonyesho ya sanaa ya kongamano lao la dunia mjini Pittsburgh mwaka 1960. Unafaa mahali ambapo wageni wanakaa siku chache na hakuna msanii anayeweza kushinda ukumbini kutwa, na hiyo ndiyo hali ya Lamu wakati wa tamasha. Viwango vya ada na kamisheni hutofautiana kati ya kamati na kamati, basi soma fomu uliyopewa kabla ya kutia sahihi. Tarakimu tunazotumia hapa ni za mfano wa kukokotolea.

Hakikisha kazi yako inakubalika

Kazi iwe yako. Mchoro ulionakiliwa kutoka kwenye picha ya mpiga picha mwingine si wako, hata kama umebadilisha rangi ya tanga na kuongeza machweo. Kazi iliyotengenezwa kwa akili unde haichanganywi na kazi ya mkono: kamati nyingine huikataa kabisa, na inayoikubali hutaka iandikwe hivyo kwenye orodha.

Picha ya mtu anayetambulika, hasa mwanamke au mtoto, ije na idhini yake ya maandishi. Mji huu ni mdogo, na mwenye sura atapita ukumbini kabla ya saa sita mchana. Picha za uchi hazitundikwi kwenye ukumbi wa wazi wa Lamu. Khati yenye aya za Kurani inakaribishwa, lakini iandike hivyo kwenye fomu ya maombi ili wapangaji waipe safu ya juu na wabebaji wajue kwamba haiwekwi sakafuni hata kwa dakika moja.

Kuna malighafi zinazoweza kukufikisha mahakamani. Pembe ya ndovu na gamba la kasa hazipokelewi, hata kipande kilichorithiwa. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakataza biashara hiyo bila kibali. Ukitia njumu za mfupa wa ngamia kwenye kiti cha enzi, andika waziwazi kwenye lebo: "njumu za mfupa wa ngamia". Mnunuzi asiyejua atadhani ni pembe, atanyamaza na kuondoka.

Wachongaji wa milango wasome hapa mara mbili. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inalinda milango na miimo iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946, na haitolewi nchini bila kibali. Mlango wako wa mwaka huu, ukiwa na nakshi zilezile za zamani na umepakwa mafuta ukakolea, unaweza kumsimamisha mnunuzi uwanja wa ndege. Choma au chonga mwaka nyuma ya ubao, na kwenye lebo andika mwaka, jina lako na aina ya mbao. Eleza pia mbao ilikaushwa muda gani. Mbambakofi iliyokauka nusu hutulia vizuri katika unyevu wa kisiwa, kisha ikifika Nairobi au Ulaya kwenye hewa kavu inapasuka kufuata nyuzi zake. Mbao ya unene wa sentimita 2.5 huhitaji takribani mwaka mmoja wa kukauka kivulini penye upepo. Ubao mnene unataka zaidi.

Pima nafasi kabla ya kuilipia

Kuta za majengo ya kale hapa ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ngome ya Lamu ilijengwa kati ya 1813 na 1821, na Mji wa Kale umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Hakuna msumari unaopigwa, na hata bila katazo hilo chokaa haishiki msumari vizuri. Kazi hutundikwa kwenye paneli za kusimama kwa ndoano, na paneli ndiyo unayokodi.

Chukua paneli ya upana wa sentimita 120 na urefu wa 240. Usitumie chini ya sentimita 70 kutoka sakafuni, maana hapo hugongwa na vikapu na watoto, wala juu ya 200, ambapo mtu wa kimo cha kawaida hasomi karatasi. Umebaki na sentimita 130 za urefu. Fremu ya 40 kwa 50 inahitaji karatasi yake ya dau pembeni, ukubwa wa A5, yaani sentimita 15 kwa upana. Fremu mbili na karatasi mbili zinachukua 110. Kwa urefu, fremu ya 50 na nafasi ya 10 zinaingia mara mbili. Jumla ni kazi nne kwa paneli. Wasanii huleta tisa wakidhani zitaenea, kisha tano zinarudi chini ya meza ambako hakuna anayeziona na unyevu unazila.

Uliza uzito ambao ndoano moja inabeba. Kioo cha milimita 2 kina kilo 5 kwa mita ya mraba. Fremu ya 60 kwa 80 ina karibu kilo 2.4 za kioo peke yake, bila mbao. Akriliki ya unene huohuo haifiki nusu ya uzito huo, na haivunjiki kwenye boti. Ubaya wake inakwaruzika, na inavuta vumbi la chokaa. Ifute kwa kitambaa laini chenye maji, kamwe si kwa dawa ya kusafishia vioo yenye amonia, inayoufifisha uso wake.

Fremu inayostahimili hewa ya bahari

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika, na mara nyingi uharibifu haumhusu mchoraji bali aliyetia fremu.

Karatasi inavimba ikipata unyevu na kusinyaa ikikauka. Ukiibandika pembe zote nne haina pa kwenda, itajikunja mawimbi katikati. Ibandike sehemu ya juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba na gundi ya wanga, iliyobaki ining'inie huru. Selotepu usiitumie: gundi yake inageuka manjano na kupenya hadi upande wa rangi.

Kati ya mchoro na kioo weka ukingo wa kadibodi wa milimita 1.5 hadi 2. Mchoro ukigusa kioo, unyevu unaokusanyika asubuhi utaugandisha, na kuvu itaanzia pale pale. Funga mgongo wa fremu kwa kadibodi ngumu na utepe wa karatasi, kisha bandika vipande viwili vya mpira kwenye pembe za chini ili hewa ipite nyuma.

Pete za kutundikia ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu. Za chuma cha kawaida huanza wekundu upesi katika hewa ya chumvi, na kutu ikichuruzika inachafua mgongo wa kazi. Zifunge kwenye theluthi ya juu ya fremu kwa skrubu, pitisha waya wa kusuka, uulegeze kiasi kwamba ukiuvuta kati ubaki sentimita 5 chini ya ukingo wa juu. Kamba ya nailoni hunyooka taratibu, na siku ya pili fremu imeshuka na kuifunika karatasi ya jirani.

Rangi ya mafuta iliyomalizwa mwezi huu isiletwe. Juu itaonekana kavu, lakini ukiifunga kwa safari itashikana na kifungio. Vanishi ya mwisho hupakwa baada ya miezi 6 hadi 12, kulingana na unene wa rangi.

Kupanga bei

Andika gharama zako zote: vifaa 1,800, fremu 2,500, boti na hamali 700. Jumla 5,000. Ukitaka kazi yako ya mikono ikupe angalau 6,000, unahitaji kubaki na 11,000 mkononi. Kamati inachukua, tuseme, asilimia 15.

Kosa linalojirudia ni kuongeza asilimia 15 juu ya 11,000 na kupata 12,650. Kamisheni haikatwi kwenye 11,000, inakatwa kwenye bei ya kuuzia. Asilimia 15 ya 12,650 ni 1,897.50, unabaki na 10,752.50. Njia sahihi ni kugawa: 11,000 gawanya kwa 0.85, unapata 12,941. Andika 13,000. Na ada ya paneli je? Igawe kwa idadi ya kazi ulizotundika, uiingize kwenye gharama kabla ya kugawa.

Hiyo 13,000 ndiyo bei ya kuanzia, yaani kiasi ambacho chini yake huuzi. Usiishushe ukitumaini ushindani utaipandisha. Kazi nyingi kwenye mfumo huu huuzwa kwa dau moja tu, lile la kwanza, na mwenye dau hilo ana haki ya kuichukua kazi kwa bei hiyo. Ukiandika 5,000 kwa matumaini, jiandae kupokea 4,250.

Bei ya papo hapo ni ya mtu asiyetaka kusubiri mnada, kwa mfano mgeni mwenye ndege ya mchana. Iwe juu ya bei ya kuanzia kwa kiasi cha maana. Tunapendelea theluthi moja au zaidi, kwa kazi hii 17,500. Inafutika mara tu dau la kwanza linapoandikwa. Kama hutaki kuuza, andika "si ya kuuza" na usiache nafasi wazi, kwa sababu nafasi iliyo wazi watu huitafsiri kuwa bei ya mapatano.

Karatasi tatu, nambari moja

Kila kazi ina maandishi mahali patatu: kwenye orodha kuu inayobaki na kamati, kwenye lebo iliyobandikwa nyuma ya kazi, na kwenye karatasi ya dau. Yote matatu yabebe nambari ileile, kwa mfano 14-03: msanii wa 14, kazi ya tatu. Jina la kazi pekee halitoshi. Katika ukumbi mmoja huweza kuwa na "Jahazi" nne na "Machweo ya Shela" zaidi ya hizo, na mtunza fedha hana muda wa kutambua tanga ipi ni ya nani.

Kwenye karatasi ya dau jaza kwa kalamu ya wino usiofutika na maji: nambari, jina lako, jina la kazi, vifaa, kama ni asilia au nakala, bei ya kuanzia, bei ya papo hapo. Yasemwe yaleyale neno kwa neno kwenye orodha. Bei zikitofautiana, kamati hufuata iliyo kwenye karatasi ya dau, maana hiyo ndiyo mnunuzi aliyoiona. Baada ya milango kufunguliwa bei haibadilishwi, hata kupunguzwa.

Nakala za kuchapisha zinauzwa kwenye meza yake kwa bei moja, bila dau. Andika idadi: 12/50 ina maana ya nakala ya kumi na mbili kati ya hamsini, na ukishaahidi hamsini usichapishe ya hamsini na moja. Nakala iliyochapwa kwenye kanvasi na kuguswa kwa brashi mahali mahali bado ni nakala. Msanii anayeiita asilia anaondolewa, na hilo tunaliunga mkono bila kusita.

Safari ya kuja kisiwani

Mizigo ya barabara inaishia Mokowe, kisha boti. Ndege hutua Manda, na ndege ndogo huwa na kikomo kikali cha mizigo, mara nyingi kilo 15. Uliza kabla ya kufunga sanduku. Kutoka gatini ni mabega, mkokoteni au punda, kupitia vichochoro ambavyo vingine vinamtosha punda mmoja na mzigo wake tu. Kazi ndefu kuliko mita mbili iletwe kwa vipande au ipimiwe njia kwanza.

Funga fremu mbili mbili, uso kwa uso, kadibodi katikati na pembe zikiwa zimevikwa. Halafu turubai kwa nje, mdomo wa mfungio ukitazama chini. Turubai ikifungwa kwa mdomo juu, maji ya wimbi yanaingia na kukaa ndani kama kwenye ndoo. Usilaze mzigo kwenye sakafu ya boti. Uinue juu ya mbao au mikoba mingine. Msimu wa kusi, bahari inapochafuka, ongeza safu ya pili. Ukifika, usifungue haraka: acha kifurushi saa chache ndani ya ukumbi kikae sawa na hewa ya hapo.

Siku ya kupokea na siku za maonyesho

Fika na kazi, orodha nakala mbili, karatasi za dau zilizojazwa, kitambulisho na nambari ya simu ya kupokelea fedha. Kazi moja moja inakaguliwa mbele yako: fremu, waya, mikwaruzo. Kilichoonekana kinaandikwa, mnatia sahihi nyote wawili. Piga picha ya kila kazi, mbele na nyuma. Kamati nyingi hazikati bima ya kazi, na ukaguzi huo ndio ushahidi wako pekee. Anayekuwakilisha aje na barua yako yenye sahihi na nakala ya kitambulisho.

Ukipangiwa dirisha la upande wa gati, omba kuhamishwa kama umetumia rangi za maji. Upande huo unatazama mashariki, na jua la asubuhi huingia moja kwa moja. Angalia pia panka: karatasi ya dau ishikwe kwa vibanio viwili, juu na chini, la sivyo itageuka na kusomeka mgongo.

Ukumbi hufungwa Ijumaa adhuhuri kwa swala, na hakuna dau linaloandikwa wakati huo. Mnunuzi hupewa nambari yake mezani akionyesha kitambulisho. Nyongeza ndogo kabisa imeandikwa juu ya karatasi, tuseme 500 kwa kazi za zaidi ya 5,000. Dau halikatwi wala kufutwa na aliyeliandika. Likikosewa, anaitwa mhudumu atie sahihi. Karatasi ina mistari sita. Ikijaa, kazi inaenda kwenye mnada wa sauti siku ya mwisho, na anayeshika nafasi ya sita asidhani ameshinda. Isipojaa hadi kengele ya kufunga, dau la mwisho ndilo lililonunua.

Msanii haweki dau kwenye kazi yake, wala hamtumi ndugu. Likibaki dau la ndugu peke yake, kazi imeuzwa kwa ndugu, na kamisheni inakatwa vilevile. Lisipobaki, umempandishia bei mtu mwaminifu, na habari hiyo Lamu haifichiki.

Fedha, na haki inayobaki kwako

Kazi haitoki ukumbini kabla malipo hayajaonekana kwenye simu au akaunti ya kamati. Ujumbe kwenye simu ya mnunuzi si malipo. Ujumbe wa kughushi ni kitu cha dakika mbili. Muamala mmoja wa M-Pesa haupiti shilingi 250,000, na kwa siku 500,000, hivyo mlango mkubwa au jahazi la mfano la bei kubwa lipangiwe benki mapema. Wewe unalipwa baada ya hesabu kufungwa, kwa kawaida ndani ya wiki mbili hadi nne. Anayelipa kwa kadi anaweza kudai fedha zake zirudishwe, na kamati inasubiri muda huo upite.

Kuuza mchoro si kuuza hakimiliki. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, haki hiyo inahama kwa maandishi tu, na inadumu maisha yako na miaka 50 baada yake. Mwenye hoteli aliyenunua mchoro wako anautundika apendapo, lakini hawezi kuuchapa kwenye fulana bila ruhusa yako. Liandike hilo kwenye risiti kwa sentensi moja. Marekebisho ya 2019 yaliongeza haki ya msanii kupata asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kibiashara, na hutaifuatilia kama hukuweka jina la mnunuzi wa kwanza.

Mpe mnunuzi kazi iliyofungwa kwa karatasi ya kaki na kadibodi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na mgeni akikamatwa nayo atakukumbuka kwa ubaya.

Ambazo hazikuuzwa zichukuliwe jioni ya kufunga, kwa orodha ileile ya kuingilia, moja moja, na sahihi kwenye kila mstari. Kabla karatasi za dau hazijakusanywa, pita uzipige picha zako zote. Taarifa ya malipo ikija, ilinganishe na picha hizo nambari kwa nambari. Palipo na tofauti, iandikie kamati ndani ya siku saba na uambatishe picha ya karatasi husika.